Shingo Yangu na Barafu ya Bass Lake Road

Walionikuta katika sala ya Idi el Fitri mwaka huu wa 2025 waliniona nikigeuka kiwiliwili kizima, kama mtu aliyebeba mtungi wa maji kichwani. Wengine walinipa pole, wengine walicheka pembeni, na mzee mwenzangu mmoja alinong'ona kwamba Mwalimu sasa ameingiwa na maringo ya uzeeni. Mhariri wa kitabu chetu ameniomba nieleze kisa chenyewe kwa kirefu, kwa kuwa, asemavyo yeye, ni nyumba chache za jamaa zetu hapa Crystal na kule Brooklyn Park ambazo hazijapata mtu wa kugongwa gari kwa nyuma katika majira ya baridi. Nimekubali. Mimi si daktari. Nilifundisha hesabu na Kiswahili huko Tanga kwa miaka thelathini na mitatu, na elimu yangu ya tiba ni ile ambayo shingo yenyewe ilinilazimisha niisome.

Ilikuwa mwezi wa Januari. Nilikuwa nakwenda kumchukua mjukuu shuleni, nikiifuata Bass Lake Road kuelekea mashariki. Nimefika karibu na Becker Park, taa za makutano na Bottineau Boulevard zikawa nyekundu, nikasimama kama sheria itakavyo. Usiku uliotangulia theluji ilikuwa imeyeyuka kidogo ikaganda tena, ikafanya ile barafu nyembamba yenye rangi ya lami, ambayo huioni mpaka imekwisha kukutelezesha. Nikasikia kishindo nyuma yangu. Kijana mwenye gari dogo la mizigo alikuwa amekanyaga breki, na breki hazikumsikia. Gari langu likasogea mbele kama hatua mbili. Bampa lilikunjika, taa moja ikavunjika. Tukashuka, tukaandikiana majina na bima, na kijana akaniomba radhi kwa adabu sana. Askari akaniuliza kama nimeumia. Nikajibu kwa fahari: la, Alhamdulillahi, si kitu.

Jibu hilo limewaponza wengi wetu. Maumivu ya shingo ya namna hii mara nyingi hayaji papo hapo. Huja baada ya saa kadhaa, au kesho yake. Kwangu yalikuja alfajiri. Nilisimama, nikarukuu kwa taabu, nikasujudu kwa taabu zaidi, na nilipofika mwisho wa sala, wakati wa kutoa salamu, kichwa kilikataa kwenda kulia. Kilikwenda kidogo kikasimama kama droo iliyokwama. Kushoto ndiko hakikwenda kabisa. Nikaimaliza sala kwa macho badala ya shingo.

Yafaa msomaji aelewe kilichotokea ndani. Shingo ina pingili saba, zimepangwa moja juu ya nyingine, zikashikwa kwa kano na misuli, na juu yake kimewekwa kichwa chenye uzito wa kilo nne au tano. Gari likigongwa kwa nyuma, kiti hukisukuma kiwiliwili mbele ghafla, lakini kichwa hubaki kilipokuwa. Kwa muda mfupi mno, chini ya robo ya sekunde, shingo hukunjika kama herufi S: pingili za chini hupindukia nyuma, za juu huinama mbele. Baadaye ndipo kichwa nacho hurushwa nyuma, kisha mbele. Misuli haiwahi kujiandaa. Vijiungo vidogo vilivyo nyuma ya pingili hubanwa, kano huvutika, na vyote hivyo hutokea hata kama gari halikuharibika sana. Ndiyo maana mtu asikuambie kwamba bampa lako ni zima basi na shingo yako ni nzima.

Jina ambalo Wamarekani hulitumia kwa jeraha hili ni la mchapo wa mjeledi. Aliyelianzisha ni daktari wa mifupa Harold Crowe, katika mkutano wa madaktari mjini San Francisco mwaka 1928. Miaka mingi baadaye alisema amelijutia, kwa sababu yeye alitaka kueleza namna kichwa kinavyokwenda tu, na watu wakaligeuza kuwa jina la ugonjwa. Mimi kama mwalimu wa lugha namwelewa. Mtu akiambiwa ana mjeledi shingoni, hofu peke yake humzidishia maumivu. Sisi tuseme mshituko wa shingo, yatosha.

Basi siku ile ya pili nyumba yangu ikajaa waganga. Mke wangu alileta mafuta ya nazi aliyoyapasha moto pamoja na karafuu, akataka kunikanda kama alivyokandwa mama yake. Jirani yetu, mama mmoja wa makamo anayefanya kazi ya kuuguza wazee, alileta kola ya shingo aliyoihifadhi kabatini tangu ajali yake. Mpwa wangu alinihimiza niende kwa mtu wa kuvunja shingo, yaani kuigeuza ghafla mpaka ilie, kama walivyokuwa wakifanya vinyozi wa zamani Ngamiani: akimaliza kukunyoa akakushika kidevu na kisogo, kwaa! na wewe ukatoka umefurahi.

Na jioni ile simu ikalia. Sauti ya kijana, Kiswahili safi. "Shikamoo Mwalimu, pole sana na ajali, nimesikia kwa jamaa." Nikamwitikia marahaba. Akaniambia nisihangaike na kitu chochote. Kesho gari litakuja kunichukua nyumbani mpaka kwa tabibu, kila wiki mara tatu, sitalipa hata senti, na nikifikisha idadi fulani ya ziara nitapewa mkononi dola kadhaa za pole. Nilipomwuliza yeye ni nani katika mambo hayo, alicheka akasema yeye ni mtu wa kusaidia watu tu.

Kwanza nimalize habari ya hospitali, kisha nitamrudia kijana huyo.

Binti yangu hakusikiliza mganga yeyote. Alinipeleka chumba cha dharura, na hoja yake ilikuwa umri wangu. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa na haki. Ipo kanuni iliyotungwa Kanada na kutangazwa mwaka 2001, inayotumika hospitali nyingi, ya kuamua nani apigwe picha ya shingo baada ya ajali. Mwenye miaka 65 au zaidi hupigwa picha bila mjadala, maana mifupa ya uzeeni huvunjika kwa kishindo kidogo. Vile vile aliyepata ajali kubwa, kama kupinduka gari au kuanguka kutoka juu, na yule anayesikia ganzi au mchonyoto mikononi au miguuni. Kwa aliye kijana na asiye na hatari hizo, daktari humwambia ageuze kichwa mwenyewe kulia na kushoto, digrii 45 kila upande. Akiweza, picha haihitajiki. Mimi nina miaka 67. Nikapigwa picha.

Hapo ndipo palipotokea kioja ambacho sina budi kukieleza. Mpwa wangu alijitolea kuwa mkalimani. Nilimwambia mwambie daktari kwamba mishipa ya shingo imekaza na inavuta mpaka begani. Mpwa akatafsiri, na mara daktari akaanza kunisikiliza shingo kwa kipimo chake, akaniuliza habari za shinikizo la damu, na kama nimepata kiharusi. Kumbe kijana ametaja mishipa ya damu! Lugha yetu ni tajiri, lakini katika neno mshipa imefanya ubahili: mshipa wa damu ni mshipa, neva ni mshipa, kano ni mshipa, na hata ngiri tunaiita mshipa. Nikaomba mkalimani wa hospitali, akaja kwa simu, mama mwenye sauti ya Kimombasa, na mambo yakanyooka. Ndugu zangu, hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu ya Marekani zinawajibika kukupa mkalimani bila malipo. Ni haki inayotokana na Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964. Usimfanye mtoto wako wa darasa la sita kuwa mkalimani wa shingo yako. Na ukifika, sema misuli ikiwa ni misuli, na ganzi ikiwa ni ganzi.

Picha haikuonyesha mfupa uliovunjika. Daktari akaniweka katika daraja la pili. Madaraja haya yaliwekwa na jopo la wataalamu wa Quebec mwaka 1995. Sifuri ni asiye na lolote. La kwanza ni mwenye maumivu na ugumu peke yake. La pili ni ambaye daktari mwenyewe anaona kwamba shingo haigeuki vizuri na ina mahali panapouma pakibonyezwa. La tatu neva zimeguswa, mkono umelegea au umekufa ganzi. La nne mfupa umevunjika au umetoka mahali pake. Wengi wetu huangukia la kwanza na la pili. Tiba ninayoieleza hapa ni ya madaraja hayo mawili. Mwenye mkono usio na nguvu, anayeyumba akitembea, asiyeweza kuzuia haja, au anayeona vitu viwili viwili na ulimi ukawa mzito, huyo asisome makala, apigiwe 911.

Jopo hilo hilo la Quebec ndilo lililoiondoa kola katika heshima yake. Zamani kila aliyegongwa alivikwa kola majuma kadhaa. Ikaonekana kwamba misuli iliyofungwa hudhoofika na viungo hukakamaa, na mgonjwa anayefundishwa kwamba shingo yake ni ya kioo huishi akiiogopa. Kwa hiyo kola ya jirani yangu niliirudisha kwa shukrani. Ama mafuta ya nazi niliyakubali. Kukandwa taratibu mabegani na kwenye misuli hakudhuru, joto hulegeza, na mke akikukanda roho nayo hutulia. Lakini kuvunjwa shingo siku ya pili ya ajali nilikataa katakata. Mishipa miwili ya damu iendayo ubongoni hupita ndani ya matundu ya pingili hizo, na ijapokuwa ni nadra sana, imetokea ikachanika baada ya shingo kugeuzwa ghafla, au kwa ajali yenyewe.

Nikapelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alikuwa bibi mmoja Mmarekani, mpole, mwenye kipima pembe kama kile nilichokuwa nacho darasani, tofauti ni kwamba chake kina mikono miwili. Aliniuliza ninataka kuweza nini. Nikamjibu kwamba nataka kutoa salamu ya sala nimwone jirani yangu wa kulia na wa kushoto. Akaniomba nimwonyeshe. Nilikaa kitini nikamwonyesha, naye akapima: kulia digrii 35, kushoto 25. Akaandika. Kijana mzima, alisema, hufikia karibu 80. Nilifurahi, na sioni haya kukiri. Tangu niache kazi nilikuwa sijakutana na mtu anayeweka maendeleo ya mwanafunzi kwa hesabu.

Mazoezi yake yalikuwa mepesi mpaka nikadhani ananidharau. Kaa wima, mabega yashushe. Geuza kichwa polepole kulia mpaka pale ugumu unapoanza, simama kidogo, rudi, kisha kushoto. Kidevu kivute nyuma kama mtu anayeshangaa, bila kukiinua. Angalia juu, angalia chini. Mabega yarudishe nyuma, mbavu za mabega zikaribiane. Kila moja mara tano mpaka kumi, na ufanye hivyo mara nyingi kwa siku. Nikamwambia nina ratiba tayari: baada ya kila sala, na mara mbili tatu katikati. Akasema hajapata mgonjwa aliyekuja na ratiba yake.

Wiki ya kwanza iliuma, nikataka kuacha. Akanieleza jambo ambalo nimeliandika katika daftari langu: kuuma si lazima kuwe kuumia. Maumivu yakizidi kidogo wakati wa zoezi na yakatulia baada ya muda, endelea. Yakizidi na yakakaa mpaka kesho, punguza, usiache.

Wako watakaosema haya ni mambo ya mtu mmoja. Basi wasikilize jambo lililofanyika hapa hapa kwetu. Chuo cha Northwestern Health Sciences, kilichoko Bloomington, ndicho kinachofundisha matabibu wa kairopraktiki, yaani wale wanaonyoosha viungo kwa mikono. Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Gert Bronfort wa chuo hicho walitangaza matokeo ya kuwafuata wagonjwa 272 wenye maumivu ya shingo yasiyo na sababu maalumu, yaliyoanza kati ya wiki mbili na wiki kumi na mbili nyuma. Kundi moja lilinyooshwa shingo na matabibu, la pili lilipewa dawa, la tatu lilifundishwa mazoezi katika masomo mawili tu ya saa moja moja, kisha likaachwa likafanye nyumbani. Baada ya wiki 12 walionyooshwa walikuwa wamepata nafuu kuliko waliomeza dawa. Lakini wale wa nyumbani, wenye masomo mawili, walikuwa karibu sawa na walionyooshwa! Naona ni uungwana mkubwa chuo cha wanyooshaji kutangaza hesabu kama hiyo. Na nisieleweke vibaya: kunyooshwa na mtu aliyesoma, asiye na pupa, baada ya hatari kuondolewa, ni tiba yenye faida. Wagonjwa wale hawakuwa wote wa ajali, lakini funzo lake linafanana na la tafiti nyingine. Kule Australia mwaka 2014 watu wenye maumivu sugu ya ajali waligawanywa: wengine wakapewa vikao 20 vya mazoezi ya kusimamiwa, wengine shauri la nusu saa mara moja na simu ya kuulizia. Wa vikao 20 hawakuwazidi wenzao. Na Saskatchewan, huko Kanada, wachunguzi walikuta mwaka 2005 kwamba waliotibiwa sana sana katika majuma ya mwanzo walichelewa kupona kuliko waliotibiwa kwa kiasi.

Sasa nimrudie kijana wa simu. Ili umwelewe, lazima uijue sheria ya bima ya Minnesota, na nitaieleza kwa ufupi kwa kuwa wengi wetu tunailipia kila mwezi bila kuijua. Tangu mwaka 1975 jimbo hili linafuata mpango ambao kila mtu hutibiwa kwanza kwa bima yake mwenyewe, awe amegonga au amegongwa. Kima cha chini ni dola 20,000 za matibabu, na dola 20,000 nyingine za mshahara uliokosa na gharama kama za msaidizi wa nyumbani. Mshahara hulipwa asilimia 85, usipite dola 500 kwa wiki. Hata asiye na gari, akiwa abiria au akigongwa akitembea kwa miguu, kwa kawaida ana haki hiyo, kwanza kwa bima ya jamaa anayeishi naye, na isipokuwapo, kwa bima ya gari lililohusika. Basi yule ndugu yetu anayeogopa hospitali kwa sababu ya bili, akae akijua kwamba mara nyingi bili hiyo amekwisha kuilipa. Apeleke taarifa mapema tu; mkataba unaweza kumwekea muda, na miezi sita hupita upesi.

Sheria hiyo hiyo ina mlango wa pili. Huwezi kumshitaki aliyekugonga akulipe kwa ajili ya maumivu peke yake, mpaka gharama za matibabu, bila kuhesabu picha, zipite dola 4,000, au uwe umepata jeraha la kudumu, au kovu la kudumu, au umeshindwa na shughuli zako siku 60 au zaidi. Piga hesabu mwenyewe. Kwa nini mtu asiyekujua akuletee gari mara tatu kwa wiki? Wewe kwake si mgonjwa. Wewe ni dola 20,000 zilizokaa, na kila ziara ni jembe la kuzichimba mpaka uvuke ile 4,000. Yeye ni dalali wa majeruhi, na katika jimbo hili kazi hiyo ni kosa la jinai. Desemba 2016 waendesha mashtaka wa serikali kuu walitangaza hapa Minnesota mashtaka juu ya watu 21 katika udanganyifu wa namna hii, wakiwamo matabibu sita wa kairopraktiki. Anayepokea zile dola za pole mkononi naye ametia mguu ndani. Kwa mtu ambaye makaratasi yake ya uhamiaji bado yako mezani, sina haja ya kueleza zaidi.

Nilimwambia kijana yule, kwa upole wa mzazi, kwamba asinipigie tena. Akanijibu kwamba wenzangu wote wamekubali. Hilo liliniuma kuliko shingo, kwa sababu nilijua hakusema uongo mtupu.

Yule jirani yangu mwenye kola ni mmoja wao. Ameniruhusu niandike, mradi nisimtaje jina. Aligongwa miaka michache iliyopita, alfajiri, akitoka zamu ya usiku. Dalali alimpata kesho yake. Alipelekwa kwenye kliniki moja, sitaitaja, akawa analazwa mezani, anawekewa kitambaa cha moto na vijiwaya vya umeme, ananyooshwa kidogo, anatia sahihi, anarudishwa. Hakuna aliyemfundisha zoezi hata moja. Kola aliivaa wiki sita. Miezi minane alikwenda hivyo, na kila alipouliza lini atapona aliambiwa asikatize, kesi itaharibika. Siku moja barua ikaja: dola 20,000 zimekwisha. Kliniki ikaacha kupokea simu zake. Shingo ilikuwa bado inauma.

Huyu ndiye hasa aliyehitaji fedha zile. Kwa waliopitisha miezi mingi na maumivu yanatoka katika vile vijiungo vidogo vya nyuma ya pingili, iko tiba ya sindano: kwanza daktari hutia dawa ya ganzi penye neva ya kiungo kinachoshukiwa, zaidi ya mara moja, ahakikishe ndicho, kikiwa ndicho, neva hiyo huchomwa kwa joto la sindano ya umeme. Utafiti uliotangazwa mwaka 1996 kutoka Newcastle, Australia, ulikuwa wa wagonjwa 24 tu, lakini waliochomwa kweli walikaa kwa wastani wa kati siku 263 kabla ya nusu ya maumivu yao kurudi, na waliofanyiwa ya uongo siku 8. Neva huota tena, hivyo si dawa ya milele. Jirani yangu alishauriwa tiba hiyo, akaambiwa bima ya gari haina kitu tena, na bima yake ya kazini ikaanza kumzungusha. Aliipata baada ya mwaka mzima. Katika mwaka huo aliacha kuinua wagonjwa, akahamishiwa kazi ya mshahara mdogo, na fedha za kumpelekea mama yake Mombasa zikapungua nusu. Hiyo ndiyo bei ya gari la kuletewa mlangoni.

Juu ya dawa sina mengi. Panadol, inayoitwa Tylenol hapa, hutuliza kidogo. Ibuprofeni hufanya kazi kwa wengi, lakini mzee mwenye shinikizo la damu au figo dhaifu amwulize daktari kwanza. Vidonge vikali vya jamii ya afyuni msivitamani. Utafiti wa Australia uliotangazwa mwaka 2023 ulivilinganisha na vidonge bandia kwa watu wenye maumivu mapya ya mgongo au shingo, na havikushinda. Hatari yake mnaijua, kwani vilio vyake tumekwisha kuvisikia katika mji huu.

Wala nisiwape tamaa ya uongo. Jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali lilikusanya tafiti zote mwaka 2008 likaona kwamba karibu nusu ya waliopata mshituko huu husema bado wana maumivu kiasi baada ya mwaka. Wengi wao wanafanya kazi, wanaendesha gari, wanalea watoto, nao wanauma kidogo. Anayeanza na maumivu makali sana, au aliyejaa woga, au anayengoja atibiwe badala ya kujitikisa mwenyewe, huyo ndiye huchelewa zaidi.

Jambo la mwisho linanitia aibu. Mto wa kichwa ulio juu ya kiti cha gari langu ulikuwa umeshushwa mpaka chini tangu siku niliponunua gari lile likiwa limetumika. Sikupata kuugusa. Nilidhani ni wa kulalia. Sheria ya Marekani ilianza kulazimisha mito hiyo katika viti vya mbele vya magari madogo tangu Januari 1969, na kazi yake ni kukipokea kichwa kabla shingo haijakunjika. Ukikaa chini ya masikio unakuwa ni egemeo la kuivunjia shingo. Ncha yake ifike usawa wa utosi, au angalau ipite masikio, na iwe karibu na kisogo, isipite upana wa kiganja. Kiti nacho kisilazwe nyuma kama kitanda cha pwani, mtindo niuonao kwa vijana wetu. Na akina mama wanaofunga nywele fundo kubwa nyuma chini ya mtandio, wajaribu kulishusha au kulipandisha kidogo, maana linakisukuma kichwa mbele mbali na mto.

Nimewahi kukagua magari katika maegesho tulipokutana kwa Idi. Katika magari kumi na manne ya jamaa zetu, kumi na moja yalikuwa na mito iliyoshushwa mpaka chini. Niliinua yote iliyokuwa wazi milango, na baadhi ya wenyewe wakadhani natafuta kitu cha kuiba.

Sasa ni Oktoba. Bibi wa kipima pembe alinipima mara ya mwisho mwezi wa Juni: kulia 62, kushoto 54. Alisema kwa umri wangu pengine nitaishia hapo. Asubuhi za baridi shingo hunikumbusha Bass Lake Road, nami huijibu kwa mazoezi yangu baada ya sala. Jirani yangu naye nimempa karatasi ya mazoezi yale, nimeiandika kwa Kiswahili, kwa hati kubwa. Anayeitaka aniambie, nitamnakilia.